Mume Mtegemezi

"Haya, tujaribu usaili wa ubalozini. Mlikutana wapi?"

Wakili aliuliza kalamu ikiwa mkononi. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa, feni ikizunguka kwa kulalamika.

Nesi akacheka. "Dukani kwake. Nilikwenda kununua kochi, nikatoka na mume."

"Na kochi?"

"Lilikuja baadaye, mama. Tena bure!"

Wote wakacheka. Mumewe naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Mtaani walimwita Bosi, kwa ajili ya koti alilovaa jua na mvua katika duka la samani alikouza. Tangu siku ya harusi wimbo wake ulikuwa mmoja: "Mimi huyu nitampeleka mke wangu ng'ambo." Wakwe waliusikia, majirani waliusikia, mpaka wateja walioingia kuulizia bei ya meza waliondoka nao.

Kumbe Waswahili walisema, mipango si matumizi. Siku ya kwanza walipofika kwa wakili huyu, aliwachambulia njia moja moja. Bahati nasibu ya visa, akasema, ni kamari, mtu asiipangie maisha. Njia ya ndugu haikuwafaa, kwani hawakuwa na ndugu huko. Ilibaki njia ya kazi. Akamuuliza Bosi kazi yake, akaandika, akatikisa kichwa. Alipomgeukia Nesi, aliyehudumia watoto njiti hospitalini, uso wake ulichangamka.

"Wewe mama, huko wanakutafuta kwa tochi! Utakuwa mwombaji mkuu. Mumeo ataingia kama mtegemezi."

Mtegemezi. Neno lile lilimkwama Bosi kooni kama mwiba wa samaki. Alirudi nalo nyumbani, akalala nalo, akaamka nalo. Na mtu mwenye mwiba kooni humeza chochote anachopewa.

"Picha za harusi mnazo?" wakili aliuliza sasa. "Ubalozini hutaka kuona ndoa ni ya kweli, si ya makaratasi."

"Ziko kwenye simu yake." Nesi aliichukua simu ya mumewe pale mezani, kama alivyozoea. "Huyu baba yangu. Huyu kaka, alilia kuliko mimi. Hapa keki inataka kuang..."

Simu ikalia. Ujumbe ukashuka juu ya picha ya keki.

Nesi akausoma kwa sauti, polepole, kama mtu anayesoma lugha ngeni:

"'Habari mchumba. Mimi ndiye yule dada wa huku ng'ambo, dalali amenipa namba yako. Anasema tupange maneno yafanane kabla ya kufunga ndoa. Sasa tuseme tulikutana wapi?'"

Feni ikaendelea kulalamika.

"Jibu basi," Nesi alisema. "Mwenzio anangoja."

"Mke wangu, si kama unavyofikiri."

"Sijafikiri bado. Nangoja unipe cha kufikiria."

"Ni ndoa ya makaratasi tu. Huyo dada sijawahi hata kumwona! Dalali alisema nikimwoa mtu wa kule nitaingia mwenyewe, kwa jina langu. Baadaye ningeachana naye, nikuchukue wewe."

"Na kwenye hayo makaratasi mimi ni nani?"

Bosi akavitazama viatu vyake.

"Nakuuliza kwa Kiswahili. Mimi ni nani?"

"Dalali alisema niseme... sijaoa."

Nesi aliiweka simu mezani taratibu, kama anavyolaza vile vitoto vyake. Akachukua mkoba.

"Samahani kwa usumbufu, mama wakili."

Akatoka. Hakubamiza mlango. Bosi alitamani angeubamiza.

Alipoinuka kumfuata, wakili alimwonyesha kiti.

"Kaa. Umetia saini chochote?"

"Bado."

"Huyo dalali amechukua nini kwako?"

"Pasipoti. Na picha."

"Nisikilize, mwanangu. Kuoa ili upate visa ni udanganyifu. Wakikugundua, mlango unaweza kufungwa usifunguke tena. Na mkeo, ambaye ombi lake linasema ana mume, ataulizwa huyu mume wake mbona ni kapera kwingine. Ungemzamisha yeye, asiye na kosa. Kwa ajili ya nini?"

"Niliona aibu, mama."

"Aibu ya nini?"

"Ya kubebwa na mwanamke."

Wakili akavaa miwani, akamtazama vizuri.

"Na hii ya leo unaionaje?"

Masikio ya Bosi yaliwaka moto. Alishuka ngazi akishika ukuta, akahisi kila mtu kwenye foleni ya duka la dawa ameusoma ule ujumbe.

Alikwenda moja kwa moja kwa dalali, nyuma ya studio ya kupigia picha.

"Nipe pasipoti yangu."

"He! Bosi mzima, umemwogopa mama watoto?"

"Nipe pasipoti yangu."

"Wateja wangu nusu wana wake zao, bwana, na wamekaza. Wewe unalegea kama kamba ya mlevi."

"Ama unipe, ama nirudi hapa na wakili na polisi. Chagua."

Dalali aliitupa mezani kama karata. Bosi akatoka nje, akamwandikia yule mwanamke: "Dada, naomba radhi. Nilidanganya. Nina mke."

Jibu likaja upesi: "Ungesema mapema, kaka. Mimi nilikuwa nimeshanunua gauni."

Bosi akakaa kwenye ukingo wa barabara. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba upande wa pili kuna mtu.

Nesi alikuwa amekwenda kwa wazazi wake. Kesho yake mchana Bosi alibisha hodi. Baba mkwe akafungua mwenyewe, mikono wazi.

"Karibu mwanangu! Tena tulikuwa tunakutaja. Safari ya kumpeleka binti yetu imefikia wapi?"

Bosi akamtazama mkewe, aliyekaa karibu na mama yake akichambua mchele. Nesi hakuinua kichwa.

"Inaendelea vizuri, baba," alisema yeye badala ya mumewe.

Hapo ndipo Bosi alipoumia kupita jana. Mwanamke ambaye yeye alikubali kumfuta kwenye makaratasi bado alikuwa anamfunika mbele za watu. Shuka ya kumfunika ilikuwa imeshakunjuliwa, kazi yake ilikuwa kujilaza tu chini yake na kunyamaza.

"Hapana, baba," akasema. "Mimi simpeleki popote. Yeye ndiye anayetakiwa huko, kwa kazi yake. Mimi nilikuwa niingie kwa mgongo wake, nikaona haya, nikaenda kwa dalali. Nikakubali kusema sijaoa, ili nioe mwingine kwa visa."

Mchele ukaacha kuchambuliwa. Shemeji yake, yule aliyelia harusini, akainuka ngumi zikiwa zimefungwa.

"Kaa chini," mzee alimwambia mwanawe. Kisha akamgeukia Bosi, na mikono ile haikuwa wazi tena. "Hapa kwangu umekula na umeitwa mwana. Leo sina neno la kukupa. Mwenye mume yuko pale. Kaongee naye uani."

Uani, Nesi alisimama akiwa amekunja mikono.

"Ungeniambia lini?"

"Sijui. Pengine nisingekuambia."

"Afadhali umesema kweli." Akavuta pumzi. "Unajua kilichonikata maini? Si huyo dada. Mimi kila nikishika fomu, kila nikijibu swali, nilikuwa nasema sisi. Sisi tutaishi hivi, sisi tutapanga nyumba hivi. Kumbe mwenzangu anasema mimi."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimesikia."

Hakusema amesamehe. Alisema amesikia.

"Nimempigia wakili asubuhi," aliendelea. "Sheria inaruhusu nitangulie, wewe uombewe baadaye. Nitatangulia. Nikikuita, utakuja. Nisipokuita, usiniulize."

Akatangulia. Kwenye uwanja wa ndege alimpa mumewe mkono, kama anayeagana na mfanyakazi mwenzake. Ujumbe wake ukawa wa mkato: "Nimefika." "Nimeanza kazi." "Salimia nyumbani." Bosi aliusoma kila mmoja mara nyingi kuliko maneno yaliyomo.

Watu hawakumwacha salama. "Bosi, umeshampeleka shemeji?" Akawajibu kweli, ingawa kila mara shingo ilimpata moto: "Amekwenda mwenyewe. Mimi nangoja kuitwa, kama ataniita." Wengine walicheka mbele yake. Aliwaacha.

Miezi ikapita. Siku moja mchana, akimwonyesha mteja kochi la watu watatu, simu ikalia. Nesi. Haikuwa desturi yake kupiga.

"Hallo?"

Upande wa pili kulikuwa na kilio tu.

"Mke wangu, kuna nini? Umeumia?"

"Katoto kamenifia mikononi. Nimepambana nako tangu alfajiri. Mama yake bado hajaambiwa. Nimejifungia stoo."

Bosi akakaa kwenye kochi la biashara, mteja akimkodolea macho.

"Kalikuwa ka kike?"

"Ka kike. Kalikuwa kameshaanza kunijua."

"Niambie."

Akamwambia. Bosi hakumpa mawaidha, wala hakusema ni kazi ya Mungu. Alisikiliza, akiitikia "mmh" na "pole mama", mpaka mteja akachoka na kwenda zake. Kilio kikageuka kwikwi, kwikwi zikageuka pumzi.

"Bado upo?" Nesi aliuliza.

"Nipo."

"Kesho nenda kwa mama wakili. Mwambie afungue ombi lako."

Aibu ilimpanda Bosi upya, mpya kabisa, kana kwamba ujumbe wa yule dada umesomwa sasa hivi.

"Sistahili," alisema mwishowe.

"Najua. Na sijasahau, wala usidhani nimesahau." Akapenga kamasi. "Ila leo nimeshika simu, nikatafuta nimlilie nani, nikajikuta nimekupigia wewe. Sasa acha niende, yule mama wa katoto ananingoja."