Vioo Viwili na Maji ya Kisima

Siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Nakwambia mapema usije ukajichosha kumtafuta.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kina vioo viwili vinavyotazamana, ili mteja aone uso na kisogo. Nyuma ya kibanda ndipo tunapoishi, mimi na mke wangu. Wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba.

Asubuhi moja alirudi kutoka kisimani na ndoo tupu.

"Mtaro wa wale wachovya vyuma umefurika," alisema. "Maji ya njano yamefika ukingoni mwa kisima."

Karakana yao hutia vyuma mng'ao kwa dawa kali. Mimi nilicheka. Nilikwenda mwenyewe, nikachota, nikainua bilauri juani mbele yake.

"Ona, mama! Meupe pee. Nzi angeona haya kutua." Nikanywa yote. "Haya, nimekufa?"

"Wewe una tumbo lako tu," alisema, mkono juu ya la kwake. "Mimi nina la watu wawili."

Akamwendea jirani yetu anayepima maji maabara. Mtaani tunamwita Mpimaji. Alitupa chupa safi, tukachota, tukampelekea kazini.

Alidondosha dawa kwenye maji. "Ikikutana na sumu ya wale wachovyaji, inageuka zambarau."

Tukakodoa macho. Maji yakabaki meupe. Akapitisha mwanga wa mashine yake ndani ya maji mara moja. Namba kwenye skrini haikutikisika.

"Si nilisema!" nilifoka kwa furaha.

"Subiri, kinyozi. Sumu ikiwa kidogo sana, safari moja ya mwanga haitoshi."

Akaweka maji katikati ya vioo viwili vidogo vinavyotazamana. Kwa mazoea yangu, nilitoa taulo nikifute kimoja.

"Weka chini hilo taulo! Ukikigusa, kazi yote imekwisha."

"Vioo vya nini, dada? Maji yananyolewa?"

"Kibandani kwako unajiona mara ngapi?"

"Nyingi. Foleni ya vinyozi mpaka ndani huko."

"Wale wa mwisho wana rangi gani?"

Nilifikiri. "Wamefifia. Na wana ukijani."

"Na kioo chako ni cha kijani?"

"Hapana. Cheupe."

"Kina ukijani kidogo mno. Mwanga ukipita mara moja, huuoni. Ukienda na kurudi, ukijani unajikusanya. Hapa mwanga unapita ndani ya maji mamia ya mara. Kama kuna sumu, inaumega kidogo kila safari. Mimi napima unadumu muda gani kabla ya kufifia."

Kwanza alipima maji safi yenye dawa ileile. Kwenye skrini ikaja mia moja. Kisha akaweka yetu, na mwanga ukafifia mapema. Sitini na moja.

Akachukua maji mengine kwenye chupa yetu, akarudia. Sitini na moja.

Kucha za mke wangu zilizama kwenye mkono wangu. Mimi nilikumbuka ile bilauri niliyokunywa.

"Tuchemshe?" nilinong'ona.

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Sumu hii haitoki hivyo. Acheni kisima hicho leo. Nawe mama, nenda kliniki ukawaeleze."

Wiki zilizofuata sizitamani tena. Mtoto akitulia tumboni, nami pumzi inasimama. Akipiga teke, napumua. Utani wote uliniisha, na wateja wakadhani naumwa jino.

Kisima kilifunikwa. Karakana iliamriwa kuziba mtaro wake. Tulianza kuchota kwenye kisima kingine, cha upande wa juu, baada ya Mpimaji kukipima kwa vioo vyake na kukuta kiko salama. Binti yetu alizaliwa mzima. Kilio chake cha kwanza nyumbani kilimshtua mteja, akapoteza nusu ya sharubu.

Akabaki mbishi mmoja, fundi viatu. Juzi alikaa kitini kwangu, shuka shingoni.

"Kisima cha juu ni mbali," alisema. "Kesho nafunua kile cha chini. Maji yale nimeyatazama, ni meupe. Mashine za nini? Mimi macho yangu yananitosha."

Mke wangu alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni.

"Na kisogo chako, fundi," aliuliza, "umewahi kukiona kwa macho hayo?"