Nusu Kichwa cha Bwana Afya

"Zima mashine."

"Nini?"

"Zima mashine, mpenzi. Agizo limetoka. Saluni zote zifungwe, kuanzia sasa hivi."

Bwana Afya, ofisa wa afya wa mtaa huo, alikuwa kitini, shuka la kunyolea shingoni, simu bado sikioni. Nyuma yake alisimama mwenye saluni, kinyozi wa kike aliyesifika mtaa mzima, ambaye pia ndiye mchumba wake. Upande wa kulia wa kichwa ulikuwa umeshanyolewa, unang'aa. Wa kushoto ulikuwa msitu.

"Sawa. Nimalizie huu upande, nifunge."

"Hapana. Nikikuachia wewe, fundi viatu hapo jirani nitamwambia nini? Sheria ni msumeno."

"Basi huo msumeno ndio ukumalizie kunyoa!"

Kinyozi akalivuta shuka, nywele zikamwagikia shati la mchumba wake.

"Na harusi yetu?"

"Harusi nayo isubiri. Mikusanyiko marufuku mpaka ugonjwa uishe."

"Umekuambia unaisha lini?"

Bwana Afya akainuka. Akavaa kofia, akatoka.

Sasa kofia haifichi kitu siku ya upepo. Kabla jua halijatua, mtaa mzima ulikuwa unamwita Nusu Kichwa. Lakini jamani, kazi yake ilirahisika! Wenye maduka wabishi walikuwa wakimtazama mara moja tu, wanashusha milango wenyewe. Mama mmoja muuza vitambaa alisikika akisema, "Aliyejifanyia haya mwenyewe, mimi atanionea huruma gani?"

Huku nyumbani, Kinyozi alinuna. Alikuwa akiishi nyuma ya saluni na mama yake, mgonjwa wa pumu wa miaka mingi, mwenye kifua kibovu na ulimi mzima. Dawa ya mama, chakula cha mama, vyote vilitoka kwenye ile mashine.

Meseji ikaingia: *Mpenzi, umekula?*

Akajibu: *Uliza sheria yako kama imepika.*

Wiki zikapita, debe la unga likabaki vumbi. Dereva mmoja wa lori, mteja wa siku nyingi, akagonga mlango wa uani.

"Dada yangu, nakwenda ukweni kwa hali hii? Ninyoe hata hapa koridoni, nani atajua?"

Njaa haina mwiko. Akamnyoa palepale koridoni, hatua chache kutoka mlango wa mama. Siku hiyo wakala wakashiba, dawa ikanunuliwa.

Hazikupita siku nyingi, simu ikalia. Alikuwa mke wa dereva.

"Shoga, mume wangu amelazwa. Wanasema ndio huo ugonjwa. Uliwahi kukutana naye?"

Kinyozi akakata simu, akageukia mlango wa mama. Na mama naye, bila kuambiwa na mtu, akaanza kukohoa.

Hapo kiburi kikaisha. Akapiga simu huku analia.

"Njoo. Nilimnyoa mgonjwa hapa ndani. Nimemuua mama yangu."

"Usiguse kitu. Fungua madirisha yote. Nakuja."

Bwana Afya akafika mbio, amejifunika kama mrina asali, nusu ya nywele imechomoza pembeni ya kofia. Hakugomba. Akawachukulia wote wawili vipimo, akavituma, kisha akaenda jikoni kumchemshia mama maji. Huko akafunua debe la unga, akakuta vumbi.

"Mama, leo mmekula nini?" akauliza aliporudi.

"Tumekula sheria, mwanangu," mama akajibu, pumzi zikimkatika. "Ila haina chumvi."

Kinyozi akataka kucheka, akalia.

"Nilijua mama ana kifua, nikamleta mgonjwa mpaka mlangoni kwake. Ungenifunga ungekuwa na haki."

"Na mimi nilifunga mlango wako kwa sababu ya kifua hicho hicho. Naapa. Lakini nilifunga nikaondoka, sikuuliza mtaishije. Ukiwa na mshahara, njaa ya mwenzio huioni."

Walisubiri majibu usiku kucha, mmoja ndani, mmoja nje ya dirisha. Asubuhi simu ya Bwana Afya ikalia, akasikiliza, akapaza sauti dirishani.

"Mko salama wote wawili! Mama ni pumu yake ya siku zote!"

"Nilikwambia," akasema mama, ambaye hakuwa amemwambia mtu chochote.

Bwana Afya akaenda moja kwa moja kwa mkubwa wake wa kazi. Jioni akarudi amebeba gunia la unga begani na kofia mkononi.

"Nimemwambia mkubwa, kama kufunga tunafunga, basi chakula kiwafuate tuliowafungia. Na wanaoweza kufanyia kazi nje, wafanyie nje. Akabisha. Nikavua kofia."

"Akasemaje?"

"Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakubali. Kuanzia kesho unanyoa barazani, mteja mmoja mmoja, barakoa usoni, mashine inafutwa kwa spiriti kila kichwa. Ndani kwa mama haingii mtu."

Asubuhi kiti kikawekwa barazani. Mteja wa kwanza mnamjua.

"Hivi siku zote hizi ulikosa hata wembe?"

"Wembe ninao, nao ndio unatunza upande uliounyoa wewe. Ila kichwa hiki kina mwenyewe."

Kinyozi akainamisha uso, barakoa ikamsaidia kuficha tabasamu. Msitu ukaanza kuanguka. Ulipobaki ukoka mdogo juu ya sikio, mashine ikanyamaza.

"Mbona umezima?"

"Harusi lini?"

"Mpenzi, mikusanyiko bado..."

"Mimi, wewe, mama na mashahidi wawili ni mkusanyiko?"

Bwana Afya akafikiria agizo lote, neno kwa neno.

"Hapana."

"Basi lini?"

"Jumamosi."

"Ipi?"

"Hii hii!"

Sauti ya mama ikatoka dirishani: "Mwanangu, usiiwashe hiyo mashine mpaka aape!"

Bwana Afya akaapa. Mashine ikawashwa.