Jemedari na Maji ya Kisima

Kila asubuhi, kabla hajapiga mswaki, Ikram alikimbilia sebuleni kuwaamkia farasi wake. Hawakuwa farasi wa kupandwa. Walikuwa farasi-bahari wawili, kila mmoja na urefu wa kidole cha mtu mzima, wenye vichwa kama vya farasi na mikia iliyojikunja kama ya kinyonga. Waliishi ndani ya tangi la kioo katika nyumba yao ya Chanika, mjini Handeni, mbali kabisa na bahari.

"Shikamoo Jemedari! Shikamoo Malkia!"

"Siku wakikuitikia, uniite na mimi nije kusikia," mama yake alisema kutoka jikoni. "Sasa chukua ndoo. Foleni ya kisimani haimngoji mtu."

Tangi lile liliwekwa na kaka yake Mwinjuma, mwalimu kijana wa sayansi aliyefundisha Korogwe na kurudi nyumbani kila mwisho wa juma. Farasi aliwanunua kwa mfugaji mmoja wa Tanga ambaye huwazalisha kwenye matangi. "Wa baharini tunawaacha baharini," alisema. "Wanazidi kupungua." Hata hivyo hakuwaleta haraka. Kwanza alijaza tangi maji ya bahari, akawasha chujio, akaliacha hivyohivyo wiki baada ya wiki hadi Ikram akachoka kusubiri.

"Kaka, kwani sisi tunafuga maji?"

"Ndiyo hasa! Ukiyafuga maji vizuri, samaki watajifuga wenyewe."

Farasi walipofika, Ikram alijifunza mengi. Alijifunza kwamba hawawezi kuhifadhi chakula tumboni, kwa hiyo hulishwa uduvi kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Alijifunza kwamba ni waogeleaji dhaifu, wanaohitaji mkondo mpole na mimea ya kushikilia kwa mkia. Lakini somo ambalo Mwinjuma alilirudia kila mara lilikuwa la maji.

"Joto la Handeni unalijua," alimwambia. "Maji yanapanda hewani, chumvi inabaki tangini. Ukiona maji yameshuka chini ya alama hii, ongeza maji ya mvua. Ya mvua tu." Alimwonyesha dumu lililofungwa uzi mwekundu shingoni. "Hili ni la farasi. Hata mimi nikifa kwa kiu, usinipe."

Jumapili moja, Mwinjuma aliinama mbele ya kioo, akaita kwa sauti iliyomtoa mama yake jikoni mbio, mwiko mkononi.

"Mama! Ikram! Jemedari ana mimba!"

"Malkia, unataka kusema," mama alimsahihisha.

"Hapana, mama. Ni Jemedari. Kwa farasi-bahari, jike huweka mayai kwenye mfuko wa dume, na dume ndiye hubeba mimba na kuzaa."

Mama aliangalia tumbo la Jemedari lililotuna kama puto. Akaangua kicheko mpaka akakaa chini. "Mgosi, mwanamume mzima, ana mimba! Laiti baba yenu angekuwa farasi-bahari, ningepumzika miaka mingi."

Habari ilienea shuleni kama moto wa pori. Ritha, rafiki yake Ikram wa Darasa la Sita, alikuja kila jioni kukagua tumbo. Wavulana walibisha kwamba ni uongo, walipofika na kuona wakanyamaza. Ikram hakutamani kitu kingine duniani isipokuwa kuwaona watoto wa Jemedari. "Muda si mrefu atazaa," Mwinjuma alimwambia alipokuwa akiondoka. "Wiki ijayo sitakuja, nina mitihani ya kusahihisha. Nimekuachia familia nzima."

Jumatatu iliyofuata, mwalimu wa zamu alitangaza ukaguzi wa usafi. Wenyeji wa Handeni wanajua shida ya kufulia maji ya kisima: yana chumvi, sabuni inagoma kutoa povu, na nguo nyeupe inabaki na rangi ya majivu. Tangi la mvua la kwao lilikuwa limekauka tangu zamani. Ikram alilitazama shati lake, akalitazama na dumu lenye uzi mwekundu.

"Nitachukua kidogo tu," alijiambia.

Povu lilifoka kama maziwa yanayochemka. Lilikuwa tamu kulitazama. Akafua shati, akafua ushungi, akaona ni vibaya kuacha soksi. Alipoinua dumu, halikuwa na kitu.

Siku iliyofuata alisifiwa mbele ya wanafunzi wote. Lakini aliporudi nyumbani, maji ya tangi yalikuwa yameshuka chini ya alama. Ikram akafikiri. Farasi ni wa baharini. Bahari ina chumvi. Kisima chetu nacho kina chumvi. Kuna ubaya gani? Akamimina jagi la maji ya kisima.

Baada ya siku mbili, Jemedari alikataa uduvi. Rangi yake ilipauka, na mashavu yake yakawa yanapanda na kushuka upesi. Mama alimpigia Mwinjuma, akampa Ikram simu.

"Unaongeza maji gani?" Mwinjuma aliuliza.

Ikram aliona shati lake jeupe likining'inia mlangoni.

"Ya mvua, kaka."

"Na kipima chumvi kinasemaje?"

"Kiko palepale," alijibu, ingawa hakuwa amekitazama.

"Basi ni joto hilo. Washa feni, ipulize juu ya maji yapoe."

Ikram alifanya hivyo. Feni ilipuliza, maji yakazidi kupanda hewani, na kila yaliposhuka chini ya alama, yeye aliongeza tena ya kisima. Jumamosi asubuhi Ritha alikuja mbio kama kawaida yake. Akasimama mbele ya tangi, asicheke.

"Iki, mbona Jemedari amelala chini? Anahema kama mbuzi aliyekimbizwa na mbwa."

Jemedari alikuwa ameuachia mmea. Mkia wake haukushika kitu. Malkia alikuwa karibu naye, naye amepauka.

"Si umwambie kaka yako?" Ritha alisema.

"Nilishamwambia."

"Ulimwambia yote?"

Ikram aliutazama ule mfuko uliotuna. Kama Jemedari angekufa, wote waliokuwa ndani wangekufa naye. Machozi yalimtoka, akaenda jikoni.

"Mama, naomba simu. Nilimdanganya kaka."

Mwinjuma alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema haraka, "Zima feni sasa hivi. Usiongeze tone lolote. Nakuja na basi la kwanza. Nina maji safi ya bahari hapa, niliyaleta kutoka Tanga. Mama aombe maji ya mvua kwa jirani."

Bibi Hamisa, jirani yao, alikuwa na tangi kubwa lililokuwa bado na maji ya mvua. Ikram alikwenda mwenyewe na dumu tupu. "Shikamoo bibi," alisema, akaeleza shida yake bila kuficha hata soksi.

"Marahaba. Umezifua hata soksi!" Bibi Hamisa alitikisa kichwa akicheka. "Chota, mjukuu wangu. Nenda kamwokoe huyo mwanamume mjamzito."

Mwinjuma alifika na vumbi lake lote. Hakufoka. Alichovya kipima chumvi, akamwonyesha Ikram kilivyoelea juu kuliko kawaida. "Chumvi imezidi. Tena chumvi ya kisima si sawa na ya bahari. Ina chokaa na mengine ambayo farasi hawayawezi." Wakatoa maji kidogo kwa mpira mwembamba, wakarudisha maji safi kidogo, wakasubiri, wakarudia. "Tukiyabadilisha yote kwa mara moja, tutamuua kwa mshtuko," alieleza. Mikono ya Ikram ilichoka lakini hakuuachia mpira.

Alasiri Ritha alipiga kelele. "Ameshika! Ameshika mmea!" Mkia wa Jemedari ulikuwa umejizungusha kwenye jani. Akatazama huku na huku, kisha akamdaka uduvi mmoja. Sebule nzima ilishangilia.

Alfajiri ya siku iliyofuata, Mwinjuma alimwamsha dada yake. Jemedari alikuwa akijikunja na kujinyoosha, na kila alipojinyoosha, wingu la viumbe wadogo lilimtoka. Walikuwa wembamba kama nyuzi, lakini kila mmoja alikuwa na kichwa cha farasi na mkia uliojikunja.

"Mama! Amezaa! Mgosi amezaa!" Ikram aliruka hadi kanga ikamdondoka.

Walipokwisha kuwahamishia watoto kwenye chombo chao, Mwinjuma alimketisha. "Kumaliza maji ni kosa, lakini ni dogo. Ungeniambia siku ileile, tungeyapata kwa Bibi Hamisa. Mimi nilitibu kwa habari ulizonipa. Habari zilikuwa za uongo, na dawa yangu ikageuka sumu. Mimi ndiye niliyekuagiza uwashe feni, Ikram."

"Nisamehe, kaka."

"Nimekusamehe. Kesho narudi Korogwe. Macho yangu hapa ni wewe."

Siku chache baadaye simu ya Mwinjuma iliita jioni.

"Shikamoo kaka. Leo watoto kadhaa wamekufa." Sauti ya Ikram ilitetemeka, lakini haikukatika. "Nilichelewa kuwalisha. Nilikuwa nacheza rede na Ritha."

Mwinjuma alivuta pumzi. "Marahaba. Wadogo hivyo hata wafugaji wazoefu huwapoteza. Waliobaki wanakula?"

"Wanakula. Wengine wameshikana mikia!"

"Basi sikiliza, nikuambie la kufanya," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha. "Ukiniambia ukweli hata unapokuuma, ninaweza kukusaidia nikiwa huku mbali. Kwa namna hiyo, dada yangu, hao waliobaki watakua."