Goli la Cherehani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Cherehani alibeba ndoo mpaka bombani, akapanga foleni, akarudi na maji, kisha akafagia mbele ya vyumba viwili walivyopanga. Zamani kazi hiyo aliifanya mbio mbio, kwa sababu king'ora cha kiwanda kililia alfajiri na baba yake alitaka maji ya kuoga kabla ya kuingia zamu. Siku hizi king'ora hakilii. Kiwanda cha nguo kilikuwa na mnyororo langoni kwa mwezi wa saba sasa, na baba, mfumaji wa miaka kumi na minane, alikaa kizingitini na shati safi kama mtu anayengoja kuitwa.

Jina la Cherehani alipewa na majirani kwa ajili ya ulimi wake. Ukimwanzisha tu, anakwenda mpaka uzi uishe. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jambo lolote aliloliona, liwe ugomvi wa paka au harusi, angekusimulia ukadhani ulikuwapo.

Njaa ilipoingia mtaani, iliondoka na mambo mengi. Sinema ya Jumamosi iliyokuwa ikionyeshwa kwenye bwalo la kiwanda ilikufa pamoja na kiwanda. Bendi ya wafanyakazi iliuza magitaa yake moja baada ya jingine, na mpiga tarumbeta sasa alikuwa anauza mkaa. Kilichobaki ni mpira. Timu ya kiwanda iliendelea kufanya mazoezi jioni, jezi zikiwa na viraka, matumbo yakiwa na uji mwepesi, na watu walikwenda kuwatazama kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda. Golini alisimama kaka yake Cherehani. Walimwita Ukuta.

Mwaka huo, kwa miujiza ambayo hata wao hawakuielewa, timu ilifika fainali. Mchezo ulikuwa mji wa mbali, na wachezaji waliondoka Ijumaa kwa lori la kuazima. Papo hapo ukazuka uvumi ambao hakuna aliyejua ulianzia kinywa gani: timu ikirudi na kombe, mwenye kiwanda ataona aibu, atafungua lango. Baba hakuwa mtu wa kuamini uvumi. Huu aliuamini. Mfa maji haishi kutapatapa.

Jumamosi alasiri watu walijaa nje ya kibanda cha fundi saa, mzee aliyekuwa na redio pekee iliyosalia mtaani. Umeme ulishakatwa. Betri zilikuwa kuukuu, zimekusanywa nyumba kwa nyumba na kuanikwa juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo.

"Sikilizeni," alisema fundi saa. "Betri zenyewe zinakata roho. Nikiongeza sauti, hatufiki hata mapumziko. Mtu mmoja ataiweka sikioni, atatuambia. Masikio yangu mimi yameshazeeka. Nani ana masikio na mdomo?"

"Cherehani!" waliitikia wote.

Basi akakaa mlangoni juu ya kigoda, redio sikioni, akaanza. Walikuwa wamekaa chini mbele yake, wasokota nyuzi, wapaka rangi, wake zao na watoto wao, na mbele kabisa baba na mama yake. Kipindi cha kwanza alikitangaza vizuri, na kila alichosema ni kile alichosikia. Winga wa kushoto akipokonywa mpira, alisema amepokonywa. Mapumziko yalifika bila kwa bila.

Mara tu kipindi cha pili kilipoanza, wapinzani walipata penalti. Cherehani alifumba macho.

"Anaweka mpira... anarudi nyuma... anapiga... Ukuta kaupangua! Kaupangua kwa mkono mmoja, umekwenda kona!"

Watu waliruka. Mama yake alimshika jirani mabegani akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama hakuwa amecheka tangu siku ya mnyororo. Cherehani alikuwa amesahau kabisa kwamba mama yake ana mwanya.

Dakika ya sabini mtangazaji alisema kwa sauti nyembamba ndani ya sikio lake: "Kipa anautema mpira mwepesi! Mpira mwepesi kabisa! Goli!"

Cherehani alinyamaza.

"Vipi, mama?" aliuliza baba. "Mbona kimya?"

Alimtazama mama yake, ambaye bado alikuwa akifuta machozi ya kicheko. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Lilitoka jingine.

"Ameudaka," alisema. "Ukuta ameudaka."

Uongo haukai peke yake. Goli la pili lilipoingia, alisema mpira umegonga mwamba. Watu wakaanza kulalamika, mbona timu yetu haishambulii? Basi ikambidi Cherehani awafanye washambulie. Akampa mpira winga wa kushoto, akampitisha mabeki wawili, na katika dakika ya themanini na tisa akafunga goli ambalo hakuna mguu uliowahi kulipiga. Vigelegele vilisikika mpaka bombani. Redio ilikuwa bado inanong'ona: mbili bila, mpira umekwisha. Kisha ikakoroma na kunyamaza.

Fundi saa aliichukua, akaiweka sikioni, akatikisa kichwa. "Zimekufa."

Cherehani alimshukuru Mungu, kisha akaogopa kwa kuwa amemshukuru kwa jambo kama lile.

Jioni baba alitoa sare yake ya kiwandani sandukuni, akaifua, akaitandaza kwenye kamba. Mama alimtazama.

"Baba Ukuta, kesho si ndiyo siku ya machimboni?"

Msimamizi wa machimbo ya kokoto alikuwa ametangaza kwamba Jumapili asubuhi atachukua watu kumi kwa kazi ya mwezi mzima, na alikuwa amemwambia baba kwa mdomo wake awahi.

"Niende kuponda mawe siku mwanangu analeta kombe?" alijibu baba. "Na lango likifunguliwa, mashine yangu ataiwasha nani?"

"Baba..." alisema Cherehani.

"Sema, mama."

Alitaka kusema. Lakini baba alikuwa anapiga mluzi, na mluzi huo nao ulikuwa haujasikika miezi saba.

"Hakuna kitu," alisema.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa langoni pa kiwanda. Wanaume zaidi ya ishirini walikuwa wamevaa sare, zimepigwa pasi, na waligonga madebe kama ngoma. Mlinzi, ambaye bado alilinda lango ingawa hakuna aliyemlipa, alitoka kutazama, akauliza kuna nini, akaambiwa, akapiga saluti. Cherehani alisimama nyuma ya mama yake. Alijua kwamba njia ya mwongo ni fupi, maana alifundishwa shuleni, na sasa aliiona hasa ilivyo fupi: ilikuwa inaishia pale kwenye kona, ambapo lori lilikuwa limekwisha kujitokeza.

Wachezaji walikuwa wamekaa kwenye sakafu ya lori, vichwa magotini. Watu hawakuliona hilo. Waliimba: "Ukuta! Ukuta haupenyeki! Ukuta!"

Kaka yake aliinua kichwa. Alitazama madebe, sare, midomo iliyokuwa ikimwimba. Alishuka taratibu, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Mama yake alimkimbilia huku akipiga vigelegele, akamkumbatia. Ukuta alijitoa mikononi mwake, akarudi hatua moja.

"Mama," alisema. "Hata wewe?"

"Hata mimi nini, mwanangu?"

"Hata wewe umekuja kunicheka?"

Hakungoja jibu. Alipita katikati ya watu akaenda zake nyumbani, na wale waliokuwa karibu naye waliona kwamba analia.

Madebe yalinyamaza moja baada ya jingine. Nahodha wa timu, mtu mzima mwenye upara, alisimama juu ya lori kwa hasira.

"Jamani, tumefungwa mbili bila, tumelala na njaa, tumesafiri usiku kucha. Kama hamna pole ya kutupa, si mkae majumbani mwenu? Madebe ya nini?"

Kisha vichwa vyote viligeuka polepole kumtafuta mtu mmoja. Mama yake alikuwa wa mwisho kugeuka.

Cherehani angeweza kukimbia. Alifikiria kusema kwamba alisikia vibaya, kwamba betri zilikuwa mbovu, na labda wangemwamini. Lakini neno la kaka yake lilikuwa bado masikioni, hata wewe, na lilikuwa halimhusu mama. Lilimhusu yeye. Alikwenda mpaka kwenye lori.

"Sikusikia vibaya," alisema. "Dakika ya sabini Ukuta aliutema mpira, wakafunga. La pili halikugonga mwamba, liliingia. Na sisi hatukufunga. Lile goli nililitunga mimi."

"Ulitunga?" alifoka mama mmoja jirani. "Yaani nimekata kiuno changu hiki kibovu kwa goli la kutunga?"

Mtu mmoja alicheka, akaacha.

"Kwa nini?" aliuliza fundi saa.

"Mama alikuwa anacheka," alisema Cherehani. "Sikutaka aache."

Mama aliinamisha uso.

"Na ile penalti?" sauti nyingine iliuliza. "Nayo ni ya kwako?"

"Hapana! Ile ni kweli. Aliipangua kweli."

Watu walitazamana, na alielewa kwamba hawamwamini. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Jambo zuri ambalo kaka yake alilifanya kwa mkono wake mwenyewe, sasa lilikuwa limechanganyika na ya kutunga, na yeye ndiye aliyelichanganya.

"Ni kweli," alisema nahodha, na hasira ilikuwa imempungua. "Aliipangua. Hapo ndipo kidole kilipovunjika. Kipa wa akiba hatukuwa naye, alibaki nyumbani kutafuta kibarua. Nikamwambia Ukuta, toka, atadaka beki. Akasema, nitakaa. Alidaka nusu saa na zaidi na kidole kimevunjika. Huo mpira aliutema kwa sababu hiyo."

Wangeambiwa hayo kabla, wangekuja na maji ya moto na kitambaa safi. Walikuja na madebe.

Baba alikuwa ameshaondoka. Alikimbia mpaka machimboni na sare yake ya pasi, akarudi saa sita mchana, viatu vimejaa vumbi jeupe. Watu kumi walikuwa wamepatikana tangu asubuhi. Msimamizi alimwambia ajaribu mwezi ujao.

Alikaa kizingitini, akamwita binti yake. Cherehani alisimama mbele yake akingoja kipigo. Angefurahi apigwe, yaishe.

"Unajua, mwanangu," alisema baba, "kwa miezi saba mwenye kiwanda anatuambia kesho. Anaona sura zetu zina huzuni, anatupa neno tamu, tunarudi nyumbani tunacheka. Kwa sababu ya kesho hizo wengine hatukutafuta kazi mapema. Na hata uvumi huu wa kombe, nani aliuleta? Mtu aliyetaka tufurahi, bila shaka."

"Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini elewa. Njaa tunaweza kuipangia, tukijua ina ukubwa gani. Ukitudanganya kwa kutuonea huruma, unatunyang'anya hata hiyo nafasi ya kujipanga. Masikini hana kitu, mama. Asipokuwa na habari ya kweli, ataamkaje na kujua aelekee wapi? Kama habari ni mbaya, ilete mbaya vilevile. Kaa nasi tulie pamoja. Huo ndio upendo."

Cherehani aliitikia kwa kichwa.

Aliingia ndani. Kaka yake alikuwa amelala kitandani, ameelekea ukutani, mkono uliovimba ukiwa juu ya mto. Mama alikuwa amemweleza yote, lakini hakuwa amegeuka. Cherehani alikaa chini karibu na kitanda.

"Redioni," alisema Ukuta hatimaye, bado ameelekea ukutani, "walisemaje kuhusu goli la kwanza?"

Maneno laini yalikuja yenyewe, kama kawaida yake. Angeweza kusema walisema shuti lilikuwa kali, au jua lilikuwa machoni. Aliyameza.

"Walisema umeutema mpira mwepesi," alijibu. "Mwepesi kabisa. Walirudia mara mbili."

"Ni kweli," alisema Ukuta. "Ulikuwa mwepesi." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jibu: "Na penalti? Walisemaje?"

"Walisema tangu mashindano yaanze haijaonekana kipa kuokoa penalti namna ile. Walisema uwanja mzima ulisimama, hata mashabiki wao."

Kaka yake aligeuka, akamtazama usoni, akamtazama sana.

Alimwamini.