Nondo Zilizomsubiri Evdokia

Evdokia alipozaliwa, baba yake Pantelis alifanya kama akina baba wote wa kisiwa kile. Alijenga nyumba ya chini, akaacha nondo zimechomoza juu ya nguzo, zimsubiri bintiye. Siku akiolewa, atajengewa juu. Miaka yote hiyo upepo wa chumvi ulizipiga. Nguzo zikipata nyufa, Pantelis alizipaka chokaa kila Pasaka, zikapendeza.

Sasa Evdokia alikuwa na mchumba, na Pantelis alitaka zege limwagwe wiki ileile. Jirani yao Argyro, mhandisi wa majengo, alipanda juu bila kuitwa.

"Pantelis, hapo humwagi zege."

Pantelis alipandwa na hasira. Alimuuliza nani kamwalika. Nondo ni chuma, alifoka, si jibini kwamba zitaoza.

Argyro alichukua nyundo, akagonga nguzo. Ikalia kama debe tupu. Akagonga tena, zege likabanduka. Ndani, nondo ilikuwa imevimba kwa kutu nene. Akashika bonge la zege lililobaki limeizunguka, akalivuta. Likachomoka kirahisi.

"Umeona? Nondo ina matuta, na zege hushikilia matuta hayo. Kutu nyepesi si neno. Hii nene imeyala matuta, imekuwa unga kati ya chuma na zege. Tena inavimba, inapasua zege kutoka ndani. Mshiko hakuna. Na wewe unapaka chokaa!"

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Nilikwambia. Ukaniita mchawi."

Evdokia alikuwa amesimama ngazini. "Baba, ni mimi nitakayelala juu ya nguzo hizi. Mimi na wanangu."

Pantelis aliipiga teke ndoo ya chokaa. Akaulaani upepo, akajilaani mwenyewe.

Argyro alikagua kila nguzo hadi msingi. Mafundi waliegemeza paa kwa magogo, wakavunja zege bovu lote. Nondo zilizokuwa bado nzima walizisugua kwa brashi ya waya hadi zikang'aa. Zilizoliwa wakazikata, wakaunga mpya, kisha wakazifunika kwa zege zito lisilopitisha maji. Harusi ikaahirishwa. Wakwe walinung'unika, na Pantelis akawajibu wakainung'unikie kutu.

Mwaka uliofuata, Evdokia akiwa ameshahamia juu na mtoto mchanga, ardhi ilitikisika saa za mchana. Pantelis alipanda ngazi mbio, miguu mitupu. Alipapasa nguzo moja baada ya nyingine. Hakukuwa na ufa hata mmoja. Evdokia alikuwa anafagia sahani zilizovunjika, mtoto akiwa begani mwake.

"Sahani gani hizi mnanunua?" Pantelis alimfokea. "Hazina hata nguvu!"

Kisha akakaa chini sakafuni, akaomba apewe mtoto.