Kucha za Jumatatu

Kama una chakula mkononi, kiweke kando kwanza. Usije ukasema hukuambiwa.

Ilianza na kucha ndani ya chai ya mwalimu mkuu. Kipande chembamba, cheusi ukingoni, cha mtoto aliyetoka kuchimba udongo. Kilimkwama kwenye meno. Akakitoa kwa vidole viwili, akakitazama, akakimbilia dirishani kutema.

"Nani kaacha kikombe changu wazi?" aliuliza huku anafuta ulimi kwa leso.

Walimu wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia ashukuru Mungu haikuwa ya mguu.

Ambaye hakucheka ni mwalimu wa usafi. Shule nzima ilimwita Mama Makasi. Kwa miaka tisa, kila Jumatatu, alipita kwenye mistari ya watoto akikagua kucha na nywele, na aliyezifuga alikatwa hapo hapo. Cheti chake cha usafi kilitundikwa ofisini, na vumbi lake alilifuta mwenyewe. Lakini muhula huo mwalimu mkuu, aliyekuwa mgeni, alipiga marufuku. "Kucha zikatwe nyumbani," alisema. "Sisi tufundishe."

Sasa sikia alichokuwa akikificha. Shimo la taka lilikuwa ng'ambo ya uwanja, na Mama Makasi, pamoja na usafi wake wote, alikuwa mvivu wa kutembea. Katika stoo ya vitabu, nyuma ya kabati, sakafu ilipasuka chini ya ukuta, pakawa na tundu la kuingia mkono. Kila Jumatatu alisukumia humo kucha na nywele za watoto kwa ncha ya kiatu. Miaka tisa! Na tundu halikujaa hata siku moja. Mwenye akili angejiuliza. Yeye alishukuru tu.

Baada ya ile chai ikaja harufu. Nywele zilizoungua, zimechanganyika na mdomo wa mtu aliyelala na njaa. Ilitoka stoo, ikaingia ofisini, ikang'ang'ania nguo, walimu wakarudi nayo majumbani kwao. Kefule! Kisha ikaja sauti: kru, kru, kru, mtu akitafuna kitu kikavu polepole nyuma ya kabati. Mhudumu wa shule akaweka sumu ya panya. Kesho yake akaikuta mlangoni, yote, imelowa mate mazito ya manjano yenye nywele ndani.

"Huyo si panya," mhudumu alimnong'oneza Mama Makasi. "Panya hatemi."

"Panya wa siku hizi wana mambo," Mama Makasi alijibu, akapita haraka.

Watoto wa darasa la awali walilala mikekani kila adhuhuri, katika chumba kilichopakana na stoo. Miongoni mwao alikuwamo kitindamimba wa Mama Makasi, binti wa miaka mitano, mdogo wa umbo hata wote wakamwita Njugu. Mama yake alimpata akiwa ameshakata tamaa ya kuzaa tena, na alimpenda kupita kiasi. Siku hiyo Njugu aliamka akipiga mayowe, mama akaitwa mbio. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe, vimekunjamana, vinateleza na kunuka, na kucha hazikuwepo, zote tano, zimetolewa bila tone la damu, pamebaki nyama tupu.

"Nani kakufanya hivi, mwanangu?"

"Yule bibi wa ukutani," Njugu alisema kwa kwikwi. "Ananilamba. Ulimi wake una nywele, mama. Anasema ana njaa, wewe umeacha kumpa."

Mama Makasi alimziba mwanawe mdomo. Ndiyo, alimziba! Kwa sababu mwalimu wa awali alikuwa amesimama pale pale, anasikiliza.

Kesho yake hakumpeleka shule. Alijilaza naye kitandani mchana, amemkumbatia, akasinzia kidogo tu. Alipofumbua macho, mto ulikuwa umelowa mate, na kucha za mkono wa kushoto nazo zimekwisha.

"Anasema akimaliza za miguu," Njugu alinong'ona, "ataanza meno."

Kufikia hapo watoto wengine wawili walikuwa wamepoteza kucha, na mwalimu mkuu alikuwa amemwita fundi cherehani wa mtaa wa pili, mama mmoja mnene aliyesifika kwa kuwatoa majini. Alifika tepu ikiwa shingoni, akanusa mlango wa stoo, akatema.

"Huyu hakuvamia," alisema. "Huyu kalishwa. Na aliyemlisha ndiye pekee wa kumtoa. Ni nani?"

Walimu wakatazamana. Mama Makasi akatazama cheti chake kwenye ukuta wa ofisi, mlango ukiwa wazi.

"Mficha uchi hazai," fundi akasema taratibu. "Na aliyekwisha kuzaa, atapoteza."

"Ni mimi," Mama Makasi akasema, akafunika uso. Mwalimu wa awali akasonya kwa nguvu.

"Basi utatoa ulichotia. Kwa mkono mtupu, mpaka cha mwisho. Na litokee la kutokea, usifungue mdomo. Akikosa tundu hilo, atatafuta jingine. Umenisikia?"

Alisikia. Akaingia stoo, akapiga magoti nyuma ya kabati, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na alichokishika kilikuwa cha uvuguvugu, chenye utelezi, kikijifunga vidoleni mwake, akakivuta, likatoka fundo la nywele lililogandamana kwa ute, limechomekwa kucha kila upande kama magamba ya samaki, likafuata la pili, likafuata la tatu, mpaka lundo likamfika kiunoni, na kila fundo lilipotua sakafuni lilipumua, wallahi lilipumua, na lile la mwisho halikungoja kuvutwa bali lilimrukia usoni, likampaka ute wake wa moto midomoni na puani, na tumbo la Mama Makasi, lililojizuia saa nzima, likamsaliti: akacheua, na midomo ikaachana, kidogo tu, kiasi cha kupita unywele.

Walichoma kila kitu. Harufu ikakata. Stoo ikanuka karatasi na vumbi, walimu wakashikana mikono.

"Hukufungua mdomo?" fundi alimuuliza.

Watu wote walikuwa wanamtazama. Aibu moja ilimtosha kwa siku hiyo. Mama Makasi akatikisa kichwa, kwamba hakufungua.

Siku ya kumi alikuwa anafua ukumbini, Njugu akamjia mbio. "Mama, tazama! Zimeota!"

Zilikuwa zimeota kweli, nyembamba, laini, zinang'aa. Mama Makasi alilia kwa furaha. Akashika kile kiganja kidogo, akabusu kidole cha kwanza, akabusu cha pili. Cha tatu hakukiachia. Ulimi wake ulikuta ile kucha mpya, ukaizunguka, na ilikuwa tamu.

"Mama, unanilamba," Njugu akacheka.

Aliutupa ule mkono. Akamsukuma mtoto nje, akapiga komeo kwa ndani.

"Nenda kwa shangazi yako!" alisema nyuma ya mlango. "Kimbia!"

"Nirudi lini, mama?"

Mama Makasi alikuwa ameinamia beseni la kufulia, mate yanamtoka, na kila alipotema, mdomo ulijaa tena.