Jina la Kuutolea Upanga

Kabla sijaanza, mjue hili: Pemba nzima, kuanzia Mkoani mpaka Gando, hakuna anayeuzungusha upanga wa razha, ile ngoma ya panga, kama miye Nyange. Muulizeni yeyote. Ila msiulize nani kanifundisha. Hapo ndipo ninapoona haya.

Idd ilikuwa imebaki siku tatu. Wanafunzi wangu saba wa Tibirinzi walinitegemea nicheze mbele ya watu, na upanga wangu wa bati ulikuwa umepinda kama ndizi. Nikasikia Bi Maisa, mjane wa Kiarabu kule Gando, ana panga tatu za kale za kuuza. Nikaenda na rafiki yangu Ashraf. Tulifika jua limeshainama.

Bi Maisa akazilaza mkekani. Nikachagua kifundi. Wa kwanza nikaugonga kwa ukucha. Ukalia kama sufuria lenye ufa. Wa pili mpini ulicheza. Wa tatu ulikuwa bado alani. Nikauweka juu ya kidole kimoja... ukatulia. Haukuinama huku wala kule.

"Huu," nikasema.

"Huo una ada yake," Bi Maisa akanong'ona. "Hautoki alani mpaka umtaje aliyekufundisha."

Aliyenifundisha ni Mzee Kificho, msuka makuti, mtu wa shati moja na ugoro. Miaka sita nilikula kwake, bakora yake ikigonga sakafu kila nilipokosea hatua. "Mguu, Nyange. Mguu." Nilipopata sifa, nikawa nasema nimejifundisha mwenyewe. Watu waliamini. Ashraf naye aliamini.

"Taja basi, yakhe!" Ashraf akacheka. "Au weye kakufundisha kuku?"

Nikakaza sauti. "Kanifundisha marehemu mumeo, Bi Maisa. Shehe Turki, Mungu amrehemu."

Nikavuta.

Haukutoka.

Nikavuta kwa mikono miwili, meno nimeyauma. Wapi!

Ndipo harufu ikaja. Ugoro... na makuti mabichi yaliyolowekwa. Halafu, kutoka chumba cha ndani:

Ngo.

Ngo.

Ngo.

"Nani yumo ndani?" Ashraf akauliza. Kicheko kilikuwa kimemkauka.

"Naishi peke yangu." Bi Maisa alikuwa ananitazama mimi. "Mume wangu hakuwahi kushika upanga, mwanangu. Panga hizi ni amana ya mzee mmoja msuka makuti, aliyefariki mwaka jana. Mbili alisema niziuze, nimtolee sadaka. Huo wa tatu nimpe bure mwanafunzi wake, siku atakapokuja kumtaja. Unamjua?"

Jina lilikuwa ulimini. Lakini Ashraf alikuwepo, na Ashraf mdomo wake hauna mlango.

"Simjui," nikasema.

Bi Maisa akanisukumia upanga. "Uchukue tu. Utamkumbuka."

Siku ya Idd, uwanja umefurika, ngoma imepamba moto. Nikaingia kati kwa majigambo. Nikavuta... Nikavuta tena...

"Fundi, umeutia gundi?" mtu akapiga kelele. Watu wakaangua kicheko. Wanafunzi wangu wakainamisha vichwa.

Nikajifanya naubusu mpini. Nikanong'ona, "Mzee Kificho."

Ukateleza nje kama umepakwa samli.

Nikacheza, jamani! Sijapata kucheza vile. Vigelegele, makofi. Na katikati ya makofi, sikioni kwangu, pumzi yenye ugoro:

"Hawajasikia."

Tangu siku hiyo, kila magharibi bakora ile inagonga nyumbani kwangu. Mke wangu Saada haisikii. Ila huniuliza, "Baba Usama, nani kaja na ugoro?"

Basi naandika. Fundi wangu ni Mzee Kificho, msuka makuti. Someni nyote. Na lile jingine, ambalo hata Bi Maisa sikumwambia: siku alipokuwa anakata roho, alimtuma mtu aje kuniita. Mjumbe alinikuta mazoezini, wanafunzi wamenizunguka. Nikamjibu, "Mtu huyo simjui." Mzee akafa bila kuniona. Hata kaburini sikwenda.

Nimesema, Mzee. Yote.

...

Ngo.

Kesho ni Idd tena. Wanafunzi sasa wamefika ishirini, na upanga umo alani, unangoja wasikie.